Barua ya wazi: Rangi isiyo na jina kwenye ubuyu wa watoto wetu

Kwa: Waziri wa Afya, Waziri wa Viwanda na Biashara, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS)
Nakala: Mkemia Mkuu wa Serikali, maafisa afya wa halmashauri

YAH: RANGI YA CHAKULA INAYOUZWA KWA KIJIKO BILA JINA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Kemia katika shule ya sekondari hapa Tanga, na ada yangu ya shule ililipwa na ubuyu. Mama alikuwa akibandika sufuria uani: sukari na maji mpaka iwe shira, iliki, pilipili kidogo, halafu rangi, halafu ubuyu wenyewe, na mwiko haupumziki mpaka kila punje ishike wekundu na kukauka. Usiku sisi watoto tulifungasha, tukiziba midomo ya vifuko vya nailoni kwa moto wa mshumaa. Kucha za mama zilikuwa nyekundu mwaka mzima, na sabuni ya mche haikuziweza. Kwa hiyo nikiitaja rangi ya ubuyu simnyooshei kidole mama yeyote anayetafuta riziki. Lawama naiweka kwetu sisi tuliosoma, pamoja nanyi mliopewa dhamana, kwa kumwachia mama huyo unga usio na maandishi yoyote.

Kilichonifanya nishike kalamu ni swali la mwanafunzi wa kidato cha pili. Tulikuwa kwenye mada ya mabadiliko ya kikemia, akanyosha mkono: "Mwalimu, mtu akila ubuyu ulimi unakuwa mwekundu mpaka jioni. Lakini kesho yake akienda chooni wekundu haupo. Unaishia wapi?" Darasa zima likaangua kicheko, naye akainamisha kichwa. Nikamwomba asimame tena awarudie wenzake swali lake, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kufundisha sijaulizwa swali la kemia lililo bora kuliko hilo. Niliyomjibu ndiyo ninayotaka nanyi myasikie.

Rangi nyingi za viwandani za nyekundu, njano na chungwa ni za ukoo mmoja uitwao azo. Ndani ya kila molekuli kuna atomu mbili za naitrojeni zilizoshikana kwa kifungo maradufu, na huku na huku zimebeba vipande viwili vikubwa. Kifungo kile cha katikati ndicho kinachoviunganisha vipande hivyo hadi macho yetu yakaona rangi. Kikikatika, rangi inatoweka, lakini vipande vinabaki. Rangi za chakula zimeundwa ziyeyuke vizuri kwenye maji, na kwa sababu hiyo utumbo mwembamba hauzifyonzi ila kidogo sana. Sehemu kubwa inateremka mpaka utumbo mpana, mahali pasipo na oksijeni, penye bakteria wengi kuliko mahali pengine popote mwilini. Bakteria hao wana vimeng'enya vinavyokata kifungo cha azo. Basi wekundu wa ubuyu haukupotea, umekatwa. Vipande vilivyobaki havina rangi, na kwa jina la kemia huitwa amini. Vingine vinatoka na choo. Vingine vinapenya ukuta wa utumbo, vinaingia kwenye damu, vinapita kwenye ini na figo, na mwisho vinakaa kwenye kibofu vikisubiri kutoka na mkojo.

Jambo hili si geni kwa madaktari wetu. Mwaka 1932 huko Ujerumani, Gerhard Domagk aliwapa panya walioambukizwa bakteria hatari rangi nyekundu ya azo iitwayo Prontosil, nao wakapona. Ajabu ni kwamba rangi hiyo hiyo ikiwekwa kwenye chupa pamoja na bakteria haikuwaua. Mwaka 1935 watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, wakafumbua fumbo: Prontosil yenyewe haikuwa dawa. Ndani ya mwili ilikatwa vipande viwili, na kipande kimoja kisicho na rangi, sulfanilamaidi, ndicho kilichowazuia bakteria wasizaliane. Baadaye ikadhihirika kwamba bakteria wa utumbo ni wakataji wakubwa wa rangi kama hiyo. Na mpaka leo, daktari anayemwandikia mgonjwa wa vidonda vya utumbo mpana dawa ya sulfasalazini anategemea kazi ile ile. Mgonjwa anameza kidonge chenye kifungo cha azo, bakteria wanakikata kikifika chini, na dawa inaachiwa pale pale penye kidonda.

Nawakumbusha haya kwa sababu moja. Hospitali zetu zinaamini kabisa kwamba kinachoingia mdomoni sicho kinachofanya kazi tumboni, na zinaitumia elimu hiyo kuponya. Sokoni tunafanya kana kwamba elimu hiyo haipo.

Sasa, vipande vinavyobaki vinatofautiana, tena sana. Chukueni tartrazini, ile njano ya INS 102 (INS ni orodha ya kimataifa ya namba za viongeza vya chakula) iliyo kwenye unga wa juisi na kwenye rangi ya biriani. Vipande vyake vina vikundi vya salfoneti vinavyopenda maji, na mwili unavitoa bila shida kubwa. Rangi nyingi zilizoruhusiwa kwa chakula zimeundwa kwa hesabu hiyo. Lakini kuna rangi za azo zilizotengenezwa kwa ajili ya pamba, karatasi na ngozi, ambazo zikikatwa zinaachia benzidini. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka benzidini kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyothibitika kumpa binadamu saratani, na rangi zinazogeuka benzidini mwilini zimewekwa kundi hilo hilo. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani waliwalisha nyani aina ya rhesus rangi za namna hiyo, wakaikuta benzidini kwenye mkojo wao. Mwaka 1978 panya waliolishwa rangi tatu za ukoo huo, nyeusi, bluu na kahawia, walianza kuota uvimbe wa ini ndani ya wiki 13. Wiki 13, waheshimiwa, hazifiki hata muhula mmoja wa shule.

Na kwa binadamu je? Kyoto, Japani, walikuwepo wachoraji wa vitambaa vya hariri vya kimono waliokuwa na desturi ya kulainisha brashi kwa ulimi ili ncha ikae sawa. Ilipofika miaka ya 1970 madaktari wa huko waligundua kwamba saratani ya kibofu imewaandama mafundi hao. Hawakunywa rangi kwa kikombe. Walilamba tu, kidogo kidogo, kwa miaka. Kila nikisoma habari hiyo namwona mtoto wa darasa la tatu ukutani mwa shule, amemaliza kipakiti, sasa anafyonza kidole kimoja baada ya kingine.

Mtaniambia rangi ya kitambaa na rangi ya ubuyu ni vitu viwili. Naam, ni vitu viwili. Twendeni basi sokoni.

Mwambao huu tunasuka mikeka. Ukindu unachemshwa kwenye debe pamoja na rangi ya unga, nyekundu, zambarau, kijani, ndipo unaanikwa na kusukwa. Rangi hiyo inauzwa madukani kwa kijiko. Rangi ya ubuyu, ya achari za embe, ya kashata na ya barafu nayo inauzwa kwa kijiko. Mwaka huu niliingia kwenye duka moja la viungo, duka ambalo hata mama alilijua. Nyuma ya kaunta kulikuwa na makopo ya maziwa ya unga yaliyokatwa vifuniko, kila kopo na rangi yake, hakuna hata moja lililoandikwa. Kijana wa dukani akanisalimia vizuri, "Shikamoo mwalimu." Nikamwitikia, nikamwomba nyekundu.

"Ya kupikia au ya mikeka?"

"Tofauti yake nini?"

"Zote rangi tu, mwalimu. Ila hii ya mikeka inakoza zaidi. Akina mama wengine wanaipenda, maana kidogo tu inatosha."

Akachota kutoka kopo la kulia, akamimina kwenye kipande cha gazeti. Kijiko akakirudisha kwenye kopo la kushoto.

Sikumkaripia. Ni mtoto wa watu aliyeajiriwa juzi, kopo limemfikia likiwa halina jina, na aliyemuuzia tajiri wake naye huenda alilipokea kwenye mfuko wa kilo 25 uliopasuliwa. Ningemwuliza rangi hii inaitwaje angenijibu "nyekundu", na hilo lingekuwa jibu la ukweli kwa kadiri ya anachokijua.

Waheshimiwa, ombi langu lote linasimama kwenye neno hilo moja, jina, na naomba mniruhusu niwaonyeshe kwa hesabu ninayowapa wanafunzi wangu. Nilipima kijiko cha chai cha rangi kwenye mizani ya maabara ya shule, kikatoa gramu 3, yaani miligramu 3,000. Mama alikuwa akitia kijiko kimoja kwenye ubuyu wa kilo tano. Kilo tano, kwa vipakiti vya gramu 20, ni vipakiti 250. Tuseme rangi ni tupu, haijachanganywa na chumvi: kila kipakiti kinabeba miligramu 12. Sasa mchukueni mtoto wa kilo 20. Kama nyekundu ile ni Alura Redi, INS 129, kipimo kinachokubalika Ulaya ni miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani 140 kwa mtoto huyo. Angehitaji kula karibu vipakiti 12 kukifikia. Lakini kama ni Ponso 4R, INS 124, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikishusha kipimo chake mwaka 2009 kutoka miligramu 4 hadi 0.7. Kwa mtoto yule yule ni miligramu 14 tu. Kipakiti cha kwanza kinakaribia kikomo, cha pili kimeshavuka, na hapo hajanywa juisi ya kukoroga wala kula barafu. Na kama ni ile ya kopo la mikeka, basi hakuna hesabu ya kufanya, kwa sababu hakuna kipimo kilichowekwa cha kitu ambacho hakikupaswa kuliwa kabisa.

Sufuria ni lile lile, kijiko ni kile kile, na wekundu machoni haupishani. Mama hana njia ya kuzitofautisha, na mwanawe hana. Mimi mwenye shahada ya kemia pia sina, nikisimama pale kaunta.

Wala nisieleweke kwamba rangi zenye majina zimemaliza mjadala. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliwapa watoto wa miaka mitatu na wa miaka minane hadi tisa vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi pamoja na sodiamu benzoeti, kitu cha kuzuia chakula kisiharibike, wakaona baadhi ya watoto wanazidi kuhangaika na kukosa utulivu. Tangu Julai 2010 chakula chenye rangi yoyote kati ya sita zilizohusika kikiuzwa Umoja wa Ulaya lazima kiandikwe kwamba huenda kikaathiri vibaya utendaji na usikivu wa watoto. Mwaka 2021 watafiti wa hospitali ya Mount Sinai, New York, walionyesha kwamba bakteria wawili wa kawaida wa utumbo, Bacteroides ovatus na Enterococcus faecalis, wanaikata Alura Redi na njano ya INS 110, na kipande kinachobaki kinawasha uvimbe wa utumbo mpana kwa panya ambao kinga yao ya mwili imekwisha kuelemea upande wa uvimbe. Panya wenye kinga ya kawaida hawakuugua. Mwaka uliofuata wenzao wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwalisha panya Alura Redi kwa wiki 12, nao wakaona uvimbe wa utumbo ukizidi. Panya si mtoto, hilo nalijua. Lakini nachukua funzo moja: rangi ile ile, kwa kipimo kile kile, haiwatendi watu wote sawa, kwa kuwa bakteria wa tumbo la huyu si wa tumbo la yule. Mzazi anayejua tumbo la mwanawe ni bovu anastahili kuweza kusoma jina na kuamua.

Tangu mwaka 2019 kazi ya usalama wa chakula ilipotoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) na kuhamia TBS, tunajua mlango wa kubisha ni upi. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maandishi kwenye vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, tayari kinataka viambato vitajwe. Kwa hiyo biskuti ya kiwandani inasomeka. Kinachotoka nje ya kiwango hicho ni kile kijiko kwenye gazeti, na kijiko hicho ndicho kinacholisha watoto wengi wa shule za msingi mwambao mzima, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, na Unguja na Pemba, na hata watoto wanaokula mabuyu kule Mombasa.

Naomba basi rangi ya chakula isiuzwe tena kwa kupimiwa. Mwagizeni mwingizaji na mfungashaji waitoe kwenye vipakiti vidogo vya gramu 5 au 10, bei ya mama muuza ubuyu, viandikwe kwa Kiswahili jina la rangi, namba yake ya INS, na kiasi cha juu kwa kilo ya chakula. Kipakiti cha kilo moja chenye maandishi ya Kiingereza hakitamsaidia, kwani kitanunuliwa na duka na kurudi kwenye kopo. Rangi ya mikeka nayo iwe kwenye kifungashio chenye maneno makubwa SI YA KULA, na isikae rafu moja na ya chakula. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku nguo na ngozi zilizotiwa rangi za azo zinazoweza kuachia amini 22 zilizotajwa kwa majina, benzidini ikiwamo, na hapo ni vitu vinavyogusa ngozi tu. Rangi za aina hiyo zisiruhusiwe kuingia bandarini kwetu kwa jina la "rangi" tupu.

Marekani, kila mzigo wa rangi ya sanisi unapimwa sampuli na serikali kabla haujaingia kwenye chakula. Sisi tuna Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ina wataalamu wa kazi hiyo. Naomba wapite masokoni kabla ya shule kufunguliwa, wapime, na majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za masoko na shule, si kwenye faili.

Lakini nawasihi kwa jambo moja ambalo naliogopa kuliko mengine. Msianze na msako. Nimewahi kuona ndoo za akina mama zikimwagwa barabarani mbele ya watoto wao, na wiki mbili baadaye biashara ikarudi gizani, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Anzeni juu, bandarini na kwa wauza jumla. Kisha SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na maafisa afya wakae na akina mama, wawape kijiko cha kupimia, wawaonyeshe choya na zingifuri, rangi zitokanazo na mimea. Mzingifuri unaota kwetu vizuri, na wakulima wa Kwale na Lamu, pwani ya Kenya, wanauza mbegu zake. Nayo ina kipimo chake, lakini haina kifungo cha azo, na mkulima wake tunamjua. Mama mwenyewe ana umri wa miaka 71 sasa. Nilipomsomea nusu ya barua hii aliniuliza, "Mwanangu, kwani zamani ubuyu ulikuwa na rangi?" Anakumbuka utotoni mwake ukiliwa mweupe, na sukari kidogo.

Mwisho, kuna kitu nataka kuwakabidhi. Muhula uliopita wanafunzi wangu walileta rangi nyekundu kutoka maduka saba. Tuliziyeyusha, tukadondosha kila moja kwenye karatasi ya kuchujia, tukachovya ncha ya karatasi kwenye maji ya chumvi. Rangi za chakula hupanda na maji, maana hazina mapenzi na karatasi. Rangi za pamba na ukindu hung'ang'ania pale pale, kwa kuwa zimeundwa kushika nyuzi za mimea, na karatasi ni nyuzi hizo hizo. Sita zilipanda. Ya saba iliacha doa jekundu zito chini, halikusogea hata baada ya kengele ya mapumziko. Mwanafunzi aliyeileta alisema ndiyo anayonunua dada yake kwa ajili ya ubuyu.

Kipimo cha karatasi hakitoshi kumhukumu mtu, na ndiyo maana jina la duka sikuliandika hapa. Bahasha saba za kaki ziko kwenye kabati la maabara yetu, zimeandikwa tarehe na soko, na ile ya saba nimeifunga peke yake. Nitazileta mwenyewe siku yoyote mtakayonitajia.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa Kemia, Tanga